Hafla ya Kumuaga Mtu Asiyeondoka

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Siku ya kihistoria. Tangazo limebandikwa ukutani posta, kati ya tangazo la mbwa aliyepotea na la kitanda kinachouzwa. Mpango wa kubadilishana utamaduni na uzoefu wa kazi ughaibuni. Mwaka mzima katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Malazi kwa familia mwenyeji. Viza maalumu. Mwaka ukiisha, mshiriki anarejea nyumbani na ujuzi wake. Mji wetu umepewa nafasi moja. Masharti mawili: mwombaji awe amewahi kufanya kazi ya hoteli, na awe hajatimiza miaka thelathini na tano.

Sharti la pili nalitimiza kwa kutweta. Natimiza thelathini na tano tarehe 23, mwezi huu huu. Mpango wenyewe huja mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo niliseme jambo hili taratibu, kama nisemavyo ukumbini bibi harusi anapochelewa: ama safari hii, ama basi.

Sharti la kwanza halinitishi. Miaka kumi nashika kipaza sauti katika kumbi za hoteli. Harusi, mahafali, kustaafu kwa wahasibu. Mji mzima unaniita Kipaza. Ikiwa hiyo si kazi ya hoteli, basi samaki hana habari na maji.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa saluni, yaani sebuleni kwetu, kwani sebule yetu huwa saluni tangu asubuhi hadi mteja wa mwisho aridhike na kichwa chake. Hakuinua macho. Akaniuliza, huko hotelini watakupa kipaza sauti au ufagio? Nikamjibu kwamba utamaduni hauna ufagio. Mteja aliyekuwa mikononi mwake akacheka mpaka akaambiwa atulie, mstari unapinda.

Habari mbaya ya jioni. Fleshi naye anaomba.

Fleshi ni mpiga picha. Tunafanya harusi zile zile, na katika miaka yote hiyo hajanipiga hata picha moja nikiwa nimefumba mdomo. Ama natafuna, ama napiga mwayo, ama naonekana kama mtu anayemeza chura. Ana miaka ishirini na sita na hana haraka ya jambo lolote. Amesema ameomba kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Watu wa aina hiyo ni wa kuogopwa.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Imebainika kwamba kipaza sauti si kazi ya hoteli. Karani wa ofisi ya mpango amenieleza kwa upole uliozidi kipimo. Wanataka vyumba, jiko, mapokezi au bustani. Fleshi hilo halimsumbui, aliwahi kukaa mapokezi ya hoteli kabla ya kushika kamera.

Hakuna kilichoharibika. Mjomba wa mke wangu ana nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta. Vyumba tisa na paka. Nimemwendea nikiwa nimevaa suti, nikamwomba anipokee hata kwa siku chache, nipate uzoefu. Mjomba alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu. Akasema, mkwe, suti utaivua lakini? Nikamhakikishia.

Nimeanza leo. Shuka ina tabia ya ukaidi. Nikivuta huku, kule inatoka. Mhudumu wa vyumba, mama mwenye mikono mirefu na subira fupi, alinifundisha kukunja pembe, kisha akanitaka nirudie, kisha akasema basi, wewe shika ndoo tu baba.

Jambo moja nalikiri bila aibu. Siwezi kuingia chumbani kimyakimya. Mtu aliyelelewa na kumbi hufungua mlango kwa heshima zote. Chumba namba mbili nilifungua nikatangaza kwamba sasa ni wakati wa usafi, tukae mkao wa kupokea. Mgeni alikuwa kwenye beseni. Amepokea vibaya.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Nimeachishwa kazi. Naandika nikiwa na utulivu.

Chumba cha kifungua kinywa pale kwa mjomba kina meza nne, na kila meza ina mtu mmoja anayetazama chai yake. Msiba gani huu? Watu wanne chini ya paa moja na hakuna anayemjua mwenzake! Nikaweka sinia chini. Nikawatambulisha. Nilikuwa nimezungumza na kila mmoja kwenye korido, kwa hiyo habari zao nilikuwa nazo, na nilizipamba kidogo tu. Nikamwinua bwana wa chumba namba nne: mkaguzi hodari, aliyeko mapumzikoni kwa sababu ya mgongo, ingawa jana usiku alicheza muziki kwa namna iliyotupa matumaini kuhusu mgongo huo. Nikamwinua bwana wa chumba namba sita, mkuu wa idara aliyefika usiku, mgeni wetu wa heshima.

Kumbe walikuwa wanafahamiana. Wa namba sita ndiye aliyemsainia wa namba nne likizo ya ugonjwa.

Wa namba nne aliondoka bila kumaliza chai. Mjomba aliniita pembeni, akaniambia mkwe, watu wengine wanakuja hapa kusudi wasitambulishwe. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Falsafa nzito, nimeizingatia. Hata hivyo amekubali kuthibitisha kwamba nilifanya kazi kwake, na karani wa mpango alipompigia alisema ndiyo, alikuwepo, kila mtu alijua yupo.

Sharti la kwanza limetimia.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Usaili ni keshokutwa. Leo saluni amekuja mteja ambaye dada yake aliwahi kwenda na mpango huu. Nikajifanya natafuta kitana, nikasikiliza. Anasema mwamuzi ni mratibu wa mpango, mama mmoja mtulivu. Akikupitisha, viza ni suala la muhuri. Na katikati ya usaili humpigia simu ndugu yako, umchague mwenyewe, amuulize habari zako.

Mke wangu akasema nimtaje yeye. Nimekataa kwa busara. Mke wangu anasema kweli kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Nimemchagua mama mkwe. Ukizungumza naye kwa simu unahisi kama unahutubiwa na jaji. Nimekwenda kwake alasiri, nikamkuta anaanua nguo, nikamsaidia hadi kibanio cha mwisho ili kuandaa mazingira. Akaniuliza, sasa mkwe wangu, nikiulizwa niseme nini? Nikamwambia, mama, wewe nisifu tu. Ametaka kujua anisifu upande upi. Nikasema upande wowote. Muda uliobaki tulifanya mazoezi ya sauti: asikimbie, apumue kwenye nukta, asizungumze huku kuku wakiwa karibu.

Kisha nikapita ukumbini, nikaweka nafasi kwa hafla ya kuniaga. Jumamosi hii. Mwezi huu ndiyo siku pekee iliyo wazi. Keki nimeiagiza, maandishi ya buluu: Kwaheri Kipaza, Dunia Inakuita. Mke wangu aliposikia aliacha kusuka. Akauliza, tangu lini anaagwa mtu ambaye hata viza hajapewa? Nikamkumbusha kwamba mwenye hafla hangoji mvua inyeshe ndipo aulize bei ya turubai. Akasema sawa, ila mvua ikigoma, hilo turubai utajifunika wewe.

Jioni nimekutana na Fleshi dukani. Nimempa ushauri, kama kaka. Nimemwambia mratibu hapendi wasemaji, kwa hiyo ajibu kwa neno moja, mawili yakizidi, kisha anyamaze. Alinishukuru, akasema bro, hilo naliweza. Mtu asiyesema atapitaje usaili? Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Ushindi. Sina neno jingine, na mimi ni mtu wa maneno.

Chumba cha kusubiria kina viti vya plastiki vilivyounganishwa, kiasi kwamba mmoja akitikisa goti safu nzima inatetemeka. Tulikuwa tumejaa. Mwokaji, binti aliyeshika begi kama mtu aliyeshika usukani. Mtunza bustani aliyevaa tai ya kuazima. Mpishi wa shule. Wengine. Fleshi na kamera yake. Hakuna aliyepumua kwa sauti. Feni ndiyo iliyokuwa na uhai peke yake.

Hadhira ya namna ile ni dhambi kuiacha. Nikasimama. Nikaanza na mwokaji: huyu mnayemwona, wakati ninyi mmelala, yeye ameshaukanda unga, nao umemsikiliza. Binti akatabasamu, goti likaacha kutikisika, na safu nzima ikatulia. Nikamtambulisha mtunza bustani, ikawa tai yenyewe ni ya mpishi wa shule, wanaishi jirani, na hawajawahi kuzungumza zaidi ya kuulizana kama maji yanatoka. Mpishi akamwambia, wee, kumbe bustani ile pale ni mkono wako? Hata mimi nahitaji mchicha. Vicheko. Mtu akafungua mkate, ukazunguka. Mlango wa mratibu ulikuwa wazi kidogo, nadhani kwa ajili ya joto. Fleshi alipiga picha, bila shaka nikiwa nimeachama.

Fleshi aliingia kabla yangu. Alitoka upesi sana. Nikamwonea huruma ya kweli.

Zamu yangu. Mratibu aliniomba nijitambulishe kwa kifupi. Hapa palinipa tabu kidogo, kwani kwa miaka kumi nimetambulisha watu wote isipokuwa mimi. Nikaona ni adabu nianze na yeye. Nikamtambulisha mratibu kwa mratibu, kisha meza yake, kisha ua lililokuwa dirishani. Akasema asante, tuendelee.

Akaniuliza kwa nini napaswa kwenda. Nikazungumza. Akaniuliza nini kitatokea hapa nikishaondoka. Swali zuri! Nililijibu kwa hotuba yangu bora kabisa, ile ya wanaostaafu, iliyowahi kumliza hata mhasibu mkuu. Pengo lisilozibika. Kiti kitakachobaki kitupu. Watoto wangu pacha watakavyomsimulia mjukuu kwamba hapa alipita mtu. Mratibu aliandika kwa muda mrefu. Akauliza, kwa hiyo watu wa hapa wakutazamie urudi? Nikamwambia waniweke moyoni.

Ndipo akampigia mama mkwe, simu ikiwa juu ya meza, sauti imefunguliwa. Sauti ilikuwa safi, hakuna kuku. Mratibu akamuuliza kama ana wasiwasi wowote kwamba mimi sitarudi. Mama akavuta pumzi kwenye nukta kama tulivyofanya mazoezi. Akasema, mwanangu, huyu msiwe na shaka naye. Huyu akiingia mahali hatoki. Kwangu alikuja akasema anapita tu kusalimia, leo ni mume wa binti yangu na chakula cha Jumapili anakula hapa. Mkimpokea, mmempokea moja kwa moja. Hana tabia ya kurudi rudi.

Nilikaa wima. Mkwe gani amewahi kusifiwa hivyo, tena kwa matamshi yale?

Mratibu alifunika kalamu. Akasema nimemsaidia sana kuamua.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nafasi amepewa Fleshi.

Mratibu amepiga simu mwenyewe. Alinieleza polepole, nami nililazimika kusikiliza. Viza hii ni ya mtu wa kwenda na kurudi. Anayekwenda lazima arudi na alichojifunza, ndiyo maana ya kubadilishana. Wote waliosailiwa waliulizwa kuhusu kurudi. Fleshi alijibu: ndiyo, kamera yangu nyingine naiacha hapa. Kisha akanyamaza. Mratibu anasema hajawahi kupewa jibu lililotulia namna ile.

Mimi nilijiaga. Na mama mkwe akanikabidhi.

Aliongeza kwamba kuna jambo jingine angependa tuzungumze tukionana. Nikamwambia hakuna neno. Sikuwa na nguvu ya jambo jingine.

Saluni haikuwa na mteja. Nilikaa kwenye kile kiti chenye kuzunguka, nikajizungusha nikaitazama barabara. Mke wangu hakuniambia, si nilikwambia? Ananidai maneno hayo mengi, angeweza kunilipisha leo. Badala yake alinifunga taulo shingoni, akaniinamisha kichwa, akaanza kuniosha nywele kama mteja wa kulipa. Akaniuliza, hivi hasa ulikuwa unakwenda kutafuta nini? Nikamwambia, miaka yote hii naaga watu. Nasimama mlangoni nawatakia safari njema, wanakwenda, wanarudi na vitu vya kusimulia, nami nawakaribisha tena. Nilitaka mara moja tu niwe mimi ninayekwenda.

Aliendelea kusugua. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Baadaye alisema nina mba.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Ukumbi hauwezi kufutwa. Keki haiwezi kuokwa upya. Na jana jioni mama yake Fleshi amekuja nyumbani, mikono ameifumbata, akaomba kwa unyenyekevu kama hafla ile tungeweza kumpa mwanawe, kwani wao hawakutarajia ushindi na hawakujiandaa hata soda. Mke wangu alimjibu kabla yangu. Alisema mshereheshaji naye yupo, karibu mama.

Kwa hiyo leo nimeisherehesha hafla yangu nikimuaga mtu mwingine.

Keki ilikuwa pale mbele. Kwaheri Kipaza, Dunia Inakuita. Nilishauri tuanze kukata upande wa jina, na watoto wangu wakapewa mimi kwenye sahani. Waliokuja walikuwa wengi. Mwokaji alikuja, mtunza bustani na mpishi wa shule wakaja pamoja, wakakaa pamoja, na hawakunihitaji mimi niwatambulishe. Mratibu naye aliingia, akaketi nyuma.

Nilikusudia kumtambulisha Fleshi kwa sentensi mbili kavu. Nilisimama. Nikamwona ameshika kamera kifuani kama mtoto anayeogopa sindano. Kumbe naye anaogopa. Kumbe mtu anaweza kukosa haraka kwa sababu ya woga. Basi nikamtambulisha kweli. Niliwaeleza jinsi anavyosubiri nyuma ya umati mpaka bibi wa bibi harusi acheke, ndipo abonyeze. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sikujua kwamba nilikuwa nimeliona hilo. Mama yake alilia. Mimi nilikuwa na vumbi la ukumbi machoni.

Fleshi alipopewa nafasi alisema, asanteni, nitarudi. Makofi mengi kuliko yangu.

Kisha akanionyesha picha ya chumba cha kusubiria. Mdomo wangu uko wazi kama ghala, kimeo kinaonekana. Nikataka kulalamika. Akasema, bro, usijitazame wewe, watazame hao. Nikawatazama. Safu nzima imegeukia kwangu, mwokaji anacheka macho yamefumbwa, tai ya kuazima iko begani. Ofisi ile ilikuwa kama sebule ya mtu.

Mratibu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema hilo ndilo jambo lenyewe. Kubadilishana ni njia mbili: mmoja anakwenda, mmoja anakuja. Anakuja binti kutoka mji ule wa ziwa, anataka kujifunza kazi ya kuandaa sherehe, na familia iliyokubali kumpokea imejitoa. Alikuwa anatafuta nyumba ambayo mgeni hatakaa akitazama chai yake peke yake. Siku ya usaili aliacha mlango wazi, akasikia yote. Nilimuuliza mara moja kama mwenyeji naye anatakiwa awe hajatimiza thelathini na tano. Akasema hapana. Nikaanza kumjibu kwa utangulizi mfupi kuhusu ukarimu katika historia ya binadamu. Mke wangu akasema ndiyo, tutampokea, mimi nikiwa bado kwenye historia.

Jumatatu, tarehe 23 Machi

Leo nimetimiza. Niliamka nikatazama dari kuona kama kuna kitu kimebadilika. Hakuna. Mlango wa mpango umefungwa rasmi nyuma yangu, bila hata kelele.

Watoto wamehamia chumbani kwetu. Chumba chao nimekipaka rangi mwenyewe, na shuka nimeitandika pembe nne zote, mke wangu shahidi. Mama mkwe amekuja na mto. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo hatukuifanyia mazoezi: mkwe wangu, kwani mimi nilikosea wapi? Nilikusifu sana. Nikamwambia, mama, hukukosea popote, ulinisifu kuliko nilivyostahili. Ndiyo kweli yenyewe. Akafurahi, akasema ukitaka tena nipo.

Usiku nilikuwa na furaha isiyo na sababu ya kutosha. Nimeiacha, nikalala nayo.

Jumapili, tarehe 29 Machi

Mgeni amefika adhuhuri! Binti mrefu, ana miwani, Kiswahili chake amejifunza kwa bidii na anakitoa kwa uangalifu kama mtu anayeshusha vyombo kabatini. Nilimpokea mlangoni. Nilikusudia maneno machache. Mke wangu anasema nilipofika kwenye umuhimu wa mgeni katika maendeleo, mgeni mwenyewe alikuwa ameegemea fremu ya mlango, amesinzia.

Wateja wawili wa saluni walijitolea kumsuka hapo hapo. Mama mkwe alimshika mkono, akauliza, unakula vizuri wewe? Mgeni akasema, nakula vizuri sana, asante mama. Mama akasema haonekani.

Alasiri baba yake alipiga simu ya video. Ni fundi bomba, ana masharubu, nyuma yake kupitia dirishani kulikuwa na ziwa. Ziwa lenyewe. Binti alikuwa akitafsiri. Baba alishukuru, akauliza kama binti si mzigo. Nikamtambulisha kwake kila aliyekuwa sebuleni, wateja pamoja nao, na wote wakampungia mkono kwa taulo. Alicheka mpaka masharubu yakapanda. Mwisho akasema neno, binti akatafsiri: siku moja na nyinyi mje kutusalimia.

Nilimwomba binti atafsiri tena. Akatafsiri vile vile.

Mwaliko. Kutoka kwa mkazi. Kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, akiwemo mmoja aliyekuwa na rangi kichwani na hangeweza kuondoka. Huo si mpango wa vijana. Hiyo ni ziara ya familia, na ziara ya familia nimeshaulizia: haina kikomo cha umri. Inatakiwa tu mwenyeji awe anakufahamu vizuri. Kwa hiyo nimemwomba binti, kila anapompigia baba yake, ampe angalau jambo moja jema kunihusu, na kwa kuanzia nimempa matatu.

Mke wangu anasema yule baba alikuwa anaaga tu, watu wote wenye adabu husema hivyo wakikata simu. Anasema hata sisi tunaalika watu kila siku, na wakija tunashtuka. Nimemsikiliza kwa heshima. Mke wangu hana uzoefu na mambo ya kimataifa.

Jioni nimewapigia simu maharusi wa mwezi wa tisa, nikawaomba radhi. Watafute mshereheshaji mwingine. Mimi nitakuwa safarini.

Sasa nyumba imetulia. Chumba cha pili mgeni anafungua sanduku lake, nasikia vibanio. Mke wangu amesimama mlangoni kwetu na taulo begani. Anauliza kwa nini na mimi nafunga langu.